Konje ya Shi kwenye Kilima cha Nakivale

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale zile siku nyumba bado ni miti, udongo na shitingi, yale maturubai ya buluu, nani kati yenu anakumbuka konje ya shi? Nauliza kwa sababu wakati mwingine naogopa niliiota tu. Mimi darasa niliishia la sita. Daftari hili naliandikia hapa Kakiika, Mbarara, nikishaweka cherehani pembeni, na mambo mengine huenda nayachanganya. Anayekumbuka vizuri kunishinda anirekebishe, sitakasirika.

Mchezo huo wa shi aliuleta Sista Anjela. Alikuwa mtawa mzee aliyetufundisha katekisimu Jumamosi, mwembamba, viatu vyake vyeusi vimegeuka vyekundu kwa vumbi, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kidogo Burundi, kidogo Kongo. Alitoka nchi moja ya milimani huko Ulaya, Lishtenstaini. Jina lilitushinda. Sisi Warundi L na R zetu zinalala kitanda kimoja, basi tukasema Rishitenisiteni, na yeye akacheka mpaka akaketi.

"Ni inchi ndogo," alituambia. "Ukipiga chafya huku, mutu wa mupaka wa kule anakuambia pole."

Alikuwa na kalenda ya kwao. Kwenye mwezi wa pili kulikuwa na picha ya watoto wenye makoti mekundu na miwani kama ya mafundi wa kuchomelea, mbao mbili ndefu miguuni, wanateremka mlima mweupe. Kwao, alisema, katikati ya baridi shule hufungwa wiki nzima ili watoto waende na wazazi wao kuteleza. Hiyo ndiyo konje, yaani likizo, ya shi. Yeye alitamka shi, nasi tukatamka shi.

Sasa ule weupe. Sista alimwuliza katekista unaitwaje kwa Kirundi, naye akajibu urubura. Hakukosea, ila kwa Kirundi theluji na mvua ya mawe ni neno hilo hilo moja. Theluji hatukuwahi kuiona. Mvua ya mawe tuliijua sana: ilitoboa shitingi, ilikata maharage yakabaki vijiti, ilitupeleka chini ya kitanda tukishikana. Kwa hiyo tulielewa kwamba kwa akina Sista mawe hunyesha mpaka yafunike mlima, halafu watu, badala ya kukimbia, wanavaa makoti mazuri na kuyafuata kwa konje. Nilimweleza mama. Aliacha kuchambua maharage akanitazama.

"Basi hao hawana shamba," akasema, akaendelea kuchambua.

Lakini tulitaka. Tulingoja kiangazi, shule zifungwe, nyasi za kile kilima cha kuelekea Endiinzi zikauke na kulala, laini kama nywele zilizopakwa mafuta. Tulikata jerikeni la manjano lililotoboka, tukaligawa kwa urefu, kila nusu mguu mmoja. Tulifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Fimbo zilikuwa mabua ya mtama, na mabua yalivunjika kabla hatujaondoka. Wengi wetu tulianza wima tukafika chini kwa makalio, gauni limechanika nyuma, na nyumbani fimbo ya kweli inangoja. Tukichoka tulikaa tukala viazi vitamu vya jana, vya baridi, tukasema ndicho chakula cha hoteli ya Rishitenisiteni. Sijala kitamu kama kile tangu hapo, ingawa pengine ilikuwa njaa tu.

Mchungaji mmoja Mnyankole alitufokea kila siku kutoka kwa ng'ombe wake. "Nyinyi batoto ya kampi! Majani yote munafagia na matako, ng'ombe yangu atakula nini? Atakula jerikeni?" Tulikimbia tukicheka. Kusema haki, mzee yule alikuwa na haki.

Aliyeweza shi kweli alikuwa mmoja, Goreti. Nyumba yao na yetu ziliegemeana, ukuta wa udongo mmoja. Yeye alisimama kutoka katikati ya kilima mpaka chini bila kugusa nyasi, mikono wazi, mdomo wazi. Mimi nilikuwa wa pili. Hapana, wa tatu, nisijipandishe. Mama alinizaa mimi peke yangu, kwa hiyo katika michezo, kuchota maji, kusuka nywele, kwenda misa, kote huko mwenzangu alikuwa Goreti.

Halafu jina la familia yao likatokea kwenye ubao wa matangazo wa kambi. Wamepata kwenda ng'ambo. Watu walikuja kuwapa hongera, mama akapika bugari na dagaa kama sikukuu. Mimi nilichota maji na Goreti kama kila siku.

Ilibaki wiki moja waondoke. Tukapanda kilimani, sisi wawili na jerikeni zetu. Juu kabisa palikuwa na kichuguu ambapo hakuna aliyewahi kuanzia, kwa sababu chini yake kulikuwa na mawe.

Nikamwambia, "Huko unakokwenda watoto wanaanzia juu kabisa. Watakucheka."

"Nani acheke? Anicheke mimi?"

"Wewe. Watasema huyu wa kambi anaogopa."

Akakaza mipira yake, akapanda kichuguu. Sitasema aliteremka vibaya, aliteremka vizuri, nikamwonea fahari. Kisha jerikeni la kushoto likagonga jiwe. Mkono ulivunjika kwa sauti ya muhogo mkavu.

Je, nilitaka aanguke? Swali hili nimelijibu kwenye madaftari matatu, na majibu hayafanani. Nisijipendelee: mawe nilijua yapo. Nisijisingizie pia: sikumsukuma. Ila nilipouona mkono umelegea, kabla hofu haijafika, kuna kitu kilitangulia, na kilikuwa furaha. Hatakwenda.

Na kweli hakwenda wiki hiyo. Safari ya familia nzima ikasogezwa mpaka mfupa uunge. Baba yake alikuwa ameshagawa jembe na sufuria kwa majirani, ikabidi apite akiviomba tena, mlango kwa mlango. Mama Goreti, aliyekwisha kuambiwa na mwanawe maneno yangu, alikuja kwetu akasimama nje, hakukubali kiti.

"Mama Domitila, mtoto wako nampenda. Lakini asikanyage kwangu mpaka tuondoke."

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema, "Ulimtaka abaki. Haya, amebaki. Kaa naye."

Nilikaa naye, yeye upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Nilimsikia akikohoa, akilia mkono ukimwasha ndani ya plasta, akiimba. Siku moja nilikwaruza udongo kwa kijiti, taratibu, kama tulivyozoea kuitana. Aliacha kuimba. Akanyamaza kabisa mpaka nilipoondoka. Watu husema upweke ni mtu kuwa mbali. Mimi naujua ule wa mtu kuwa karibu hivyo.

Waliondoka asubuhi moja nikiwa darasani. Niliporudi nilikuta mlango wazi na kuku wa jirani ndani. Shi ikafa yenyewe. Jerikeni zangu mama alizipandia vitunguu.

Januari hii Goreti amenipata. Binamu yake anayeuza vitenge hapa mjini alimpa namba yangu. Alituma video: watoto wake wawili, makoti mekundu kweli, wanateremka mlima mweupe. Anakoishi sasa si mbali na kwa Sista, na wakati wa konje aliwapeleka huko huko, Lishtenstaini. Niliitazama nikiwa nimekaa kwenye cherehani, mteja ananisubiri na pindo lake.

Binti yangu Kevine akachungulia. "Mama, si shi. Ni ski."

"Sisi tulisema shi."

"Na jerikeni miguuni? Aa, mama, mlikuwa washamba jamani!"

Watoto wa siku hizi theluji ya dunia nzima wanaijua, wako nayo mfukoni, lakini mtume Kevine hapo mtaa wa pili, atakuuliza kama kuna boda. Lakini nisimwonee. Hajawahi kulala chini ya shitingi iliyotoboka, na sitaki alale.

Nikaona wakati umefika. Nikarekodi sauti. Mara ya kwanza nikafuta, ya pili nikafuta, ya tatu nikaiacha iende: kichuguu, mawe, maneno niliyomwambia, hata ile furaha. Nikasema, "Goreti dada yangu, nisamehe." Alama zikawa za buluu, amesikiliza. Siku nne kimya. Nilishona mkono wa gauni moja mara mbili kwa kukosea.

Siku ya tano akajibu, nyuma yake redio na vyombo.

"He, Domi wee! Mkono? Mimi najua nilianguka kisimani na jerikeni la maji! Mama ndivyo alivyoniambia siku zote. Kilima hata sikikumbuki. Lakini kama ni wewe, basi nimekusamehe, hahaha! Wasalimie nyumbani."

Chini yake nyuso tatu za manjano, zinacheka mpaka machozi.

Mama yake ameshafariki, siwezi kumwuliza kama alisahau, au alificha kosa langu makusudi ili mwanawe asiondoke na chuki. Kama ni hilo la pili, Mungu amlipe. Niliisikiliza ile sauti tena na tena, nikitafuta Goreti yuko wapi ndani yake.

Enzi zetu mtu akikukasirikia ulijua, maana aliacha kuimba ukikaribia. Siku hizi watu wanasameheana upesi, kutoka mbali, bila kujua wanasamehe nini, na pengine ndiyo afadhali, sina elimu ya kusema sivyo. Ila ninayemkumbuka kwa hamu ni yule Goreti aliyenikasirikia.