Kabureta ya BSA ya Mzee Elirehema

Binti yangu Nanyori anakwenda kanisani na kucha nyeusi. Anazisugua kwa limau, kwa jivu, kwa msasa laini, na bado weusi unabaki pembeni, kama mtu aliyemenya ndizi mbichi bila kupaka mikono mafuta. Zamani nilikuwa namwambia azifiche wakati wa kupeana amani. Siku hizi nimeacha.

Alimaliza chuo cha ufundi akiwa na miaka ishirini na miwili. Darasani walikuwa wanafunzi arobaini, wasichana watatu. Wenzake wawili wakaenda kuuza vipodozi. Yeye akazunguka gereji za mjini Arusha, na kote wakamwambia aache namba ya simu. Gereji ya mwisho ilikuwa ya Mzee Shamsudin, kule Kijenge. Huyu hashughuliki na boda boda. Anatengeneza pikipiki za zamani, zile ambazo wenye nazo wanataka zirudi kama zilivyotoka kiwandani, na watu wanamletea hata kutoka Nairobi. Nanyori akamwamkia, akaeleza shida yake. Mzee akamaliza kwanza kahawa yake.

“Fundi wangu Shomari anarudi kwao Tanga mwezi wa nane,” akamwambia. “Nafasi itakuwepo. Lakini cheti sisomi, macho yangu mabovu. Niletee pikipiki iliyokufa, uirudishe kama ilivyozaliwa. Nimesema ilivyozaliwa, mwanangu. Ukinifungia hata kifaa kimoja cha kufananisha, usinipitie hapa.”

Alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni kwetu Moshono, mkoba bado uko begani. Kisha akatamka neno nililokuwa naliogopa kwa miaka ishirini na tatu.

“Mama, ile BSA ya babu bado ipo kihambani?”

Pikipiki hiyo ilikuwa ya baba mkwe wangu, Mzee Elirehema, mtumishi wa misitu kule Olmotonyi. Alipostaafu aliondoka nayo, akaiendesha mpaka magoti yakakataa, ndipo akampa mume wangu Eliud. Mwaka 2001, mvua za Aprili, Eliud alikuwa anashuka kutoka kihambani, shamba letu la migomba na kahawa kule Akheri, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Tope likamchukua. Mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo ni mfupi kwa vidole viwili. Nanyori alikuwa na miezi minane, nimembeba mgongoni, nilipoitwa nikamwone baba yake kando ya barabara.

Nililolifanya baada ya hapo lazima nilieleze. Eliud akiwa bado amelazwa, nilipanda kihambani peke yangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akitoa kabureta kuisafisha: boliti moja ya kubana, kifuniko cha juu, basi. Nikaitoa, nikaifunga katika kipande cha kitenge, nikaondoka nayo. Pikipiki isiyo na kabureta ni kama jiko lisilo na mafuta. Eliud alipopata nafuu aliitafuta, akashuku vijana wote wa kijiji, hata akamnunia binamu yake Sadoki karibu mwaka mzima. Nikanyamaza. Pikipiki ikasukumwa kwenye banda la kuku, na kuku wakaikubali.

Sasa mtoto yuleyule niliyembeba mgongoni alikuwa anaitaka.

“Ipo,” nikamjibu. “Lakini ni mifupa mitupu.”

“Mifupa ndiyo ninayoitaka.”

Ikaletwa Moshono kwa pikapu mwezi wa pili, manyoya yameganda kwenye spoki, yai moja limevunjikia ndani ya taa ya mbele. Jirani yangu Esther akaja kuangalia, mkono kiunoni.

“Mama Nanyori, wenzako wanaletewa wakwe. Wewe umeletewa chuma?”

Nanyori akamjibu kutoka nyuma ya gurudumu. “Huyu hanywi pombe, Mama Esther. Na hakudai chai.”

Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Nanyori akamimina dizeli na oili kupitia tundu la plagi, akaiacha. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anausukuma mkono wa kiki kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Nikawa naomba kimoyomoyo isisogee. Siku ya kumi na nane ikasogea upana wa ukucha. Nilidhani atashangilia. Aliongeza dizeli, akanawa, akanywa chai.

Rangi nayo ilikuwa kesi. Juu kabisa ilikuwa buluu ya mageti, aliyoipaka Eliud. Chini yake nyekundu, ya Mzee Elirehema. Eliud akaapa kwamba nyekundu ndiyo ya kuzaliwa. Sadoki akapiga simu kutoka Akheri, akaapa kuwa ni nyeusi. Nanyori hakubishana na yeyote. Alilishusha tangi, akaligeuza, na pale linapokalia fremu, mahali ambapo brashi isingefika, akakuta kijani kilichopauka, kama mgongo wa jani la mgomba. Akachanganya rangi mara saba. Kila mchanganyiko akaupaka kwenye kifuniko cha debe na kukianika kwenye kamba yangu ya nguo, mpaka wa saba ukafanana. Shuka zangu mbili zina kijani hicho hadi leo.

Wakati huo wote kabureta ilikuwa inatembea humu ndani. Ilikuwa sandukuni; alipofagia chumba changu nikaihamishia kwenye debe la mahindi. Alipochota mahindi ya kusaga, nikaipeleka kwenye mfuko wa majoho ya kwaya. Kwaya ilipoitisha majoho, nikaifukia chini ya masufuria ya sherehe. Sikuwa na amani. Nikimwona ameinama juu ya pikipiki ile nilikuwa naona barabara ya Akheri, na tope, na ndizi zimetapakaa.

Kufikia mwezi wa saba kila kitu kilikuwa mahali pake, rimu zimenyooka, kiti kimeshonwa, na upande mmoja wa injini waya wa mafuta ukining'inia hauna pa kushika. Vijana wa boda pale njia panda walimpigia kelele akipita: “Sista, funga kabureta ya boda, inawaka leo leo!”

Hata Eliud akasema, “Funga hiyohiyo, mwanangu. Mzee mwenyewe anasema macho mabovu.”

“Macho, Baba. Masikio je?”

Alipata kabureta ya BSA Nairobi; ikaja na namba tofauti, akairudisha. Basi akapanda Akheri na chekecheke la kahawa, akaanza kuchekecha udongo wa banda la kuku akiitafuta ile ya kuzaliwa. Nilimfuata siku ya pili, nikajifanya nimeenda kukata majani ya ng'ombe. Nilisimama kwenye mibuni nikamtazama: amepiga magoti, kitambaa puani, anachota samadi, anachekecha, anamwaga. Banda lile ni hatua nane kwa sita. Alikuwa amebakiza kona moja. Na mimi nilijua kitu kile kiko Moshono chini ya masufuria yangu. Nikakata majani, nikashuka, sikusema neno.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuificha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani nachambua maharage. Nanyori akaja, amenawa, amevaa gauni. Mikononi ameshika jani la isale, limefungwa fundo.

Nitaeleza kwa asiye wa huku. Isale ni mmea ule tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Kwetu Wameru, mtu akikuletea jani lake lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na halikataliwi. Watu wameshasamehe damu kwa jani hilo. Nikaona mikono yangu imesimama juu ya ungo.

“Nani amekosa?” nikamwuliza.

“Mimi, Mama.”

“Umefanya nini?”

Akapiga magoti mbele yangu. “Tangu mwezi wa tatu najua iko kwenye debe la mahindi. Nikaiona tena kwenye majoho. Juzi nimeiona chini ya masufuria. Nilikuwa nakuangalia unavyohangaika kuihamisha, nikanyamaza. Nilitaka uitoe mwenyewe. Siku ile uliposimama kwenye mibuni nilikuona. Nilikuwa nachekecha banda ambalo najua halina kitu, ili uone. Nimekutesa. Naomba unisamehe.”

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira nikaikosa. Mimi ndiye niliyeficha, na yeye ndiye aliyeleta isale. Nikilipokea, nimebaki na nini mkononi cha kukatalia kabureta? Mtoto huyu amejifunza wapi ujanja huu, nikajiuliza, na jibu nilikuwa nalo. Amekua akinitazama mimi.

“Ukianguka je?” nikasema.

“Nitaanguka nayo ikiwa nzima au ikiwa ya kubandika. Bora nzima.”

Nikalipokea jani. Nikaingia ndani, nikashusha masufuria moja moja, nikaitoa. Eliud alikuwa mlangoni na mkongojo wake. Akakitazama kitenge, akanitazama mimi.

“Sadoki nilimnunia mwaka mzima,” akasema.

“Najua.”

“Isale ya Sadoki utaikata mwenyewe.”

Nikaikata kesho yake, Jumapili, nikampelekea. Na ya Eliud pia, ingawa yeye alisema lake niliweke kwenye bilauri ya maji, atalifikiria. Lilikaa dirishani siku tatu ndipo akalichukua.

Lakini kabureta ilikuwa na neno lake. Kila Krismasi nilikuwa naifungua na kuipaka mafuta ya alizeti isishike kutu. Miaka ishirini na tatu ya mafuta ya alizeti. Nanyori alipofungua kibakuli cha chini akakuta gundi ya rangi ya asali, imekakamaa.

“Mama!” Alicheka mpaka akakaa chini. “Hii hukuificha. Umeikaanga!”

Akailoweka kwenye petroli siku mbili, gundi ikaachia kote isipokuwa kwenye kitundu cha kipande kidogo cha shaba kinachopitisha mafuta, chembamba kuliko tundu la sindano. Waya ungekipanua, na kikipanuka si kile cha kuzaliwa tena. Alijaribu unywele wake, ukajikunja. Akajaribu unyuzi wa ufagio, ukakatika. Zilikuwa zimebaki siku nne Shomari aondoke.

Nikanyanyuka nikaenda kwa Esther. Nilichomoa nywele tano kwenye mkia wa ng'ombe wake, na ng'ombe akanilipa teke la goti.

“Unamnyoa ng'ombe wangu?” Esther akauliza.

“Nywele tano tu, na teke nimeshalipokea, tulia.”

Unywele wa mkia ni mgumu lakini unapinda. Nilikaa kwenye kigoda, kitundu nimekielekeza kwenye jua, nikapitisha, nikazungusha, nikachomoa, nikachovya petroli, nikapitisha tena. Nanyori alitaka kunipokea, nikakataa. Aliyekiziba nilikuwa mimi. Alasiri unywele ukatokea upande wa pili, na mwanga ukapita nyuma yake.

Kesho yake akapiga kiki. Mara ya kwanza, kimya. Ya tano, ikakohoa. Eliud akasema, “Mpe hewa kidogo, babu yako alikuwa anampa hewa.” Ya kumi na moja ikashika. Moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wa Esther wakaruka ukuta, na sauti ile, tutututu ya haraka, ikawafuata. Niliijua. Nilikuwa naisikia nikiwa mwari, ikipanda Akheri, nikijua ni Eliud anakuja.

Nanyori akavaa helmeti aipeleke Kijenge. Nikamwambia asubiri. Nikavaa suruali ya Eliud, nikajifunga kitenge juu yake, nikaazima helmeti kwa kijana wa boda.

“Mama, unakwenda wapi?”

“Kukalia nyuma. Kama ni kuanguka, tuanguke wote.”

“Na mimi nani atanipikia?” Eliud akauliza.

“Maharage yamechambuliwa.”

Njia nzima nilifumba macho. Nilifumbua mara moja tu, kwenye kona ya kushuka, nikaona kwamba anaangalia mbali, si kwenye tairi, na mikono yake imelegea. Nikafumba tena, lakini si kwa nguvu ileile.

Mzee Shamsudin hakuja kutazama. Alibaki kwenye kiti chake akaisikiliza ikinguruma, kichwa kimeinama upande. Akaashiria izimwe. Akapitisha vidole chini ya tangi, akagusa rimu, akafungua kibakuli cha kabureta na kukisogeza puani.

“Binti,” akasema, “mbona injini hii inanuka chapati?”

Nanyori akanitazama. Nikasema mimi, nikamweleza yote, hata ng'ombe. Shomari alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye begi. Akaacha kufunga, akasikiliza. Mzee alikitoa kile kipande chenye kitundu, akakiinua kwenye mwanga mpaka karibu kiguse jicho, akakigeuza huku na huku.

“Hakijaguswa na waya,” akamwambia Shomari. “Mwachie binti hiyo meza. Na spana usibebe zote.”

Kisha akanigeukia. “Wewe, mama, ukikosa kazi nitakuletea vitundu.”

Nanyori anafanya kazi pale tangu wakati huo. Anakwenda na kurudi na BSA ileile. Saa kumi na mbili jioni nakuwa jikoni, moto umewaka, sufuria iko pembeni. Siibandiki motoni mpaka niisikie pikipiki pale njia panda ikipunguza gia.