Rangi ya Samaki wa Munene

Miezi minane baada ya kumzika mume wangu, samaki aliyeniachia alikuwa amegeuka rangi. Alikuwa wa rangi ya chungwa. Sasa alikuwa mweupe kama maziwa.

Kwa sababu ya samaki huyo nilimharibia mtu kazi. Nitaeleza ilivyokuwa, na msinionee huruma.

Naitwa Nduta, naishi Ruring'u, hapa Nyeri. Mume wangu Munene alikuwa mgonjwa wa figo. Januari mwaka jana aliingia nyumbani na tangi la kioo na goldfish mmoja mwenye tumbo kubwa.

"Huyu anaitwa Mheshimiwa," akaniambia. "Anakula, anazunguka, hafanyi kitu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Juni, Munene akaenda.

Sikulia. Nilitoka makaburini, nikafunga pazia, na Julai baridi ya Nyeri ilipoingia nikatundika blanketi juu ya pazia. Taa ya sebuleni iliungua. Sikununua nyingine. Nilitumia mwanga wa simu kuchemsha chai na kumtupia Mheshimiwa chakula chake.

Ukitaka ukweli, sikuwa hata na huzuni. Sikuwa na kitu.

Binti yetu Lynn alipofunga chuo Desemba alienda kwa shangazi yake kule Naro Moru. Alisema kwetu hawezi kupumua. Nikamwambia sawa. Kila kitu nilikuwa nakiambia sawa.

Februari, jirani yangu Phyllis akaingia kuomba chumvi. Akamulika tangi na simu yake.

"Nduta! Hii samaki si ilikuwa orange?"

Nikaangalia. Nilikuwa namlisha kila siku na sikuwa nimeona.

"Umechezwa," Phyllis akasema. "Hizo samaki hupakwa rangi. Nimeona video, ati wanazidunga na sindano. Rangi ikiisha, ndio hiyo."

Hapo nikahisi kitu kwa mara ya kwanza tangu Juni. Hasira. Na ilikuwa tamu, wacha niwaambie. Zawadi ya mwisho ya Munene, na kuna mtu alimuuzia uongo akiwa mgonjwa!

Kesho yake nikamtia Mheshimiwa kwenye ndoo, nikaenda mjini.

Duka lilikuwa la Khisa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinijua. Alikuwa amekuja hata mazishini. Wateja wanne walikuwa ndani. Niliwasha kamera ya simu kabla ya kusalimia.

"Ona hii! Uliuzia bwanangu samaki ya kupakwa rangi!"

Khisa akachungulia ndoo.

"Mama Lynn, mimi sipaki samaki. Hii rangi ilikuwa yake ya kuzaliwa. Kwani huwa inakaa wapi?"

"Kwa nyumba! Ulitaka ikae kanisa?"

Wateja wakacheka. Nikapata nguvu.

"Namaanisha," Khisa akasema, "hapo iko karibu na dirisha, ama..."

"Usiniletee mambo ya dirisha! Mwizi wewe!"

Niliposti hiyo video kwenye grupu la watu wa Nyeri. Kufikia jioni ilikuwa imefika Karatina na Nanyuki. Watu waliandika tapeli, mtesaji wa samaki. Wengine waliandika mambo ya kabila lake ambayo sitayarudia. Niliyasoma yote nikiwa nimejifunika gizani, na sikumkanya hata mmoja.

Baada ya mwezi nikapita pale. Duka lilikuwa linauza kava za simu.

Nikasema sawa.

Aprili Lynn akaja kuchukua vyeti vyake. Alisimama mlangoni kidogo. Akavua viatu, akapanda kiti, akatoa blanketi, akafungua pazia. Halafu akasukuma meza ya tangi mpaka dirishani ili apate pa kufagia.

"Mum, huyu amekuwa kwa giza hii time yote?"

Nikaenda kuchemsha chai.

Wiki ya tatu, mgongoni mwa Mheshimiwa kukatokea mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Mwisho wa Mei alikuwa amerudi nusu. Lynn alitafuta kwenye simu, akanisomea taratibu: goldfish akikosa mwanga muda mrefu, rangi yake ya asili hufifia.

Hakuna aliyempaka kitu. Giza lilikuwa langu.

Nambari ya Khisa ilikuwa bado imebandikwa ubavuni mwa tangi. Nikapiga. Alikuwa kwao Bungoma, nikasikia kuku wakilia nyuma yake.

"Khisa, ni Mama Lynn wa Nyeri. Yule wa video."

Nikaendelea kabla hajasema kitu.

"Rangi ya samaki imerudi. Nilikukosea."

"Nilijua itarudi. Ulikuwa umeiweka kwa giza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu, mama."

Ni kweli. Iko kwenye video.

Nikadhani atakata simu. Hakukata.

"Bwana yako alikuja akitaka zile za blue, za kudungwa. Nikamwambia mimi siuzi hizo. Zinaumizwa, rangi inaisha, na nyingi zinakufa haraka. Akafikiria, akasema, 'Basi nipe ile itakaa na Mama Lynn nikienda. Daktari amesema huu mwaka siumalizi.'"

Mimi Munene aliniambia daktari anasema anaendelea vizuri.

Nilikaa sakafuni hapo dirishani, simu mkononi, nikalia. Khisa alingoja mpaka nikamaliza.

"Rudi Nyeri," nikamwambia. "Nitawaambia watu ukweli."

"Samaki zote nilipeana, mama. Sirudi. Lakini waambie tu."

Nikaposti video ya pili, grupu lile lile. Ya kwanza ilitazamwa na watu elfu arobaini. Ya pili, watu sitini na mmoja tu. Phyllis ni mmoja wao. Aliandika "pole."

Ndiyo maana naandika hapa, na mkitaka kusambaza kitu, sambazeni hiki. Khisa alikataa kuuza samaki wa sindano, na mimi ndiye niliyemfungia duka kwa kosa hilo hilo. Kitu chako kikipoteza rangi, kabla hujamtafuta aliyekudanganya, angalia kwanza wewe umekiweka wapi.

Mheshimiwa bado anazunguka, hafanyi kitu. Nusu chungwa, nusu mweupe. Lynn anasema hiyo nusu nyeupe huenda isirudi tena.