Mama Brashi Hapandi Ngazi Bila Kula

Saa moja na nusu asubuhi, mafundi rangi watatu wako juu ya ngazi. Wa nne, mwanamke, amekalia ndoo tupu, anamenya yai. Msimamizi anapita, anakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Yeye hainui hata kichwa. Anauma yai, anafuatisha kiazi cha kuchemsha, kisha anameza kidonge kimoja mbele ya kila mtu.

“Ukuta hauna miguu, bosi,” anasema. “Nikimaliza kula nitaukuta palepale.”

Wenzake wanamwita Mama Brashi. Ana miaka arobaini na saba, ishirini kati ya hiyo akipaka rangi nyumba za watu. Hapa hakuna anayemfikia kwa kunyoosha mstari kati ya dari na ukuta. Msimamizi mwenyewe anakiri, japo kwa shingo upande.

Lakini leo anapanda ngazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane. Akitetereka, hapandi tena.

Mafundi hawa wana desturi yao: hakuna kula mpaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uishe. Ukuta ukiachwa nusu, rangi hukauka na kuacha alama pale fundi aliposhikwa na njaa. Mama Brashi aliishika desturi hiyo hata daktari alipomwambia ana kisukari aina ya pili na kumwandikia vidonge.

“Niliwaficha wenzangu. Niliogopa wakijua wataniweka chini nikwangue kuta,” anasimulia. “Basi nameza nyumbani alfajiri, tumbo tupu, halafu huyoo kazini. Pakiti imeandikwa nimeze na chakula. Nilisoma! Nikasema, chakula si kipo, saa tano?”

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliponea chupuchupu. Siku moja, akiwa juu ya ngazi, mikono ilitetemeka na jasho likamtoka. Akadhani ni harufu ya rangi. Ngazi ikaenda upande wake, naye wake. Mkono ukavunjika.

“Mama, kidonge hiki kinashusha sukari hata kama hujala,” muuguzi alimwambia hospitalini, baada ya kusikia desturi hiyo. “Hakijui habari za mkono wa kwanza.” Akamfundisha: ameze na mlo, akisahau asimeze viwili kwa pamoja, na akianza kutetemeka ashuke, anywe kitu chenye sukari, awaambie walio karibu.

Mkono ulipopona, siri ikiwa imeshatoka, msimamizi alimpa kikwangulio. “Kisukari na ngazi haviivi chungu kimoja, mama.”

Miezi minne alikwangua huku roho ikimuuma. Wiki iliyopita alimletea msimamizi barua ya daktari inayomruhusu kupanda.

“Nikamwambia, kilichoniangusha ni ujinga wangu na desturi yenu. Ujinga wangu nimeshauacha. Bado yenu.”

Sasa ananawa mikono, anajichoma kidole, anasoma namba kwenye kipimo cha sukari na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Pakiti ya glukosi iko mfuko wa aproni, na mafundi wote wanajua ni ya nini. Anapanda. Msimamizi amesimama chini, mikono nyuma.

Saa nzima baadaye mstari umezunguka chumba bila kupinda popote.

“Kesho ukuta wa ngazini,” msimamizi anasema. Ndio mrefu kuliko kuta zote, kando ya ngazi za kupandia ghorofani, mita sita.

“Kesho, nikishakula.”

Mwakani anataka kuwa na kikosi chake mwenyewe. Kanuni ya kwanza ameshaiandika kwa brashi, kwenye kifuniko cha ndoo anayokalia: KULA KWANZA.

“Anayetaka kuanguka,” anasema akifuta mikono, “akaangukie kwa wengine.”