Uzi mmoja uliozidi

SAM NEUA. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujainuka, na Bouavanh Sihalath (52) ameketi chini ya nyumba yake ya nguzo, mbele ya kitanda cha kufumia, anahesabu nyuzi za hariri. Anazihesabu saba saba. Akimaliza, anaanza upya, tisa tisa.

"Zote zinakubali," anasema. "Elfu mbili mia tano na ishirini. Gawa kwa mbili, kwa tatu, nenda mpaka kumi. Haubaki hata uzi mmoja."

Shule aliishia darasa la tatu. Namba hiyo aliirithi na chanuo la mianzi la mama yake, lile la kupangia nyuzi. Kwao, nyuzi mpya hufungwa kwenye mikia ya nyuzi za zamani, fundo kwa fundo, kwa hiyo idadi haijabadilika tangu enzi za bibi. Mteja akitaka majoka ya vichwa viwili, manane au tisa kwa safu, hewala. Shali moja humchukua miezi mitatu na kumpa fedha za huko, kip milioni nne.

Ndipo akaja Chanthone, muuza mchele. Alitaka shali ya kutoa sadaka hekaluni kwa ajili ya mdogo wake aliyezama mtoni. Majoka kumi na moja, moja kwa kila ndugu.

"Dada, namba yangu na kumi na moja hawapikiki chungu kimoja," Bouavanh alimwambia. "Nikufumie kumi. Walio hai si kumi?"

"Hao kumi nawaona kila siku. Huyu mmoja ndiye aliyenileta."

Bouavanh alipobaki peke yake, akahesabu. Kila joka lilipata nyuzi 229, ukabaki mmoja. Alidhani amekosea. Mara ya nne akacheka mwenyewe. Shida yote ile ni uzi mmoja! Tena 229 ina uzi wa katikati: nyuzi 114 kwa kichwa cha kushoto cha joka, 114 kwa cha kulia.

Lakini uzi huo uliozidi unashika mkia wa uzi wa mama yake, na hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyewahi kutoa hata mmoja. Binti yake, Phetsamone (24), naye mfumaji, amenuna.

"Mama, ukikata, mimi nitarithi nini? Pengo?"

"Utarithi akili ya kuhesabu. Nipe mkasi."

Anaukata ule wa pembeni kabisa.

"Inauma," anasema. "Mama angenichapa. Halafu angekaa ahesabu mwenyewe."

Anataka shali iwe tayari kabla ya sikukuu ya mashua, kisha aurudishe uzi mahali pake. Phetsamone anamuuliza kama utakuwa ni ule ule.

"Uzi ni fundo moja tu, mwanangu, nitauunga," anajibu, akiinamia joka la kwanza. "Yule mtoto wa watu haungiki."