Behewa la Karatasi la Donat

Uani kwa Donat, katika mtaa uitwao Kenya mjini Elisabethville, mkasi umenyamaza. Karatasi inayokatwa ina sauti yake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, na jirani yake Amisi, fundi cherehani, hajazoea kuikosa. Jioni huinua kichwa, akasikiliza, kisha akarudia mshono wake.

Donat alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli ya Elisabethville. Mchana alitengeneza ya mbao, jioni ya karatasi, marefu kama mkono. Mifuko ya saruji ilimpa kuta; pakiti za sigara zilimpa vibao vyembamba vya kukinga jua madirishani. Mistari ya viti aliikwaruza kwa mgongo wa kisu. Gundi yake ilikuwa uji wa muhogo.

Mwanzoni mwa mwaka huu, 1953, akahamishiwa Bukama, kituo cha mbali kwenye njia ya reli. Virginie, mkewe, ana mimba ya kwanza, na hakutaka kuzaa mbali na mama yake, Mama Mwaba, aliyekaa nyumba ya nyuma. Mama Mwaba naye aliikataa treni. Kwao mtu na mama mkwe hawatazamani usoni. Hata salamu hupitia kwa binti.

"Ambia bwana yako," alisema nyuma ya mlango, "mu treni bantu banaikala magoti kwa magoti. Mimi na mukwe wangu? Hapana!"

Bila mama, Virginie angebaki, na Donat angeondoka peke yake. Basi akatengeneza behewa jipya la daraja la tatu, paa lake likifunuka kama kifuniko cha sufuria. Ndani aliweka benchi mbili zilizopeana migongo. Mama Mwaba na Virginie wa karatasi walikaa huku, yeye mwenyewe kule, akiwapa kisogo. Kwa haraka, hakungoja gundi ikauke.

Virginie alilipeleka kwa mama yake, Donat akisikiliza nyuma ya ukuta. Paa likafunuliwa. Kisha Mama Mwaba akapiga ukelele na kujifunika uso kwa kitenge: Donat wa karatasi alikuwa amebanduka, akavuka mgongo wa benchi, akalala chali mapajani mwa mama mkwe wake.

"Mama, njo gundi tu! Haiyakauka!"

"Toa yeye! Toa mbio!"

"We Donat!" Amisi alipiga kelele kutoka kwake, akichungulia juu ya ua. "Mukwe gani huyu? Hata hodi hapana!"

Donat akaziba uso kwa viganja, kana kwamba ni yeye aliyeanguka.

Mama Mwaba akachungulia kwa jicho moja. Virginie alikwisha kumrudisha mumewe wa karatasi mahali pake. Kidole cha mama kikapita juu ya madirisha, kikagusa mlango mdogo wa choo. Ukafunguka. Ukafungika.

"Uliza bwana yako: hata mu treni ya kweli, hii mulango iko na komeo?"

"Iko, mama!" Donat akajisahau, akajibu mwenyewe ukutani.

"Mama, anasema iko," Virginie akarudia haraka.

"Ninasikia. Ambia yeye: siku ya safari, bamufunge na kamba ku kiti yake."

Akacheka mpaka akakohoa, na Donat, kwa heshima, akacheka kwa sauti ya chini.

Sasa Donat na Virginie wako Bukama, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na Mama Mwaba, huko huko, anakaa nyumba ya nyuma.