Gari Lisiloshika AM

Mume wangu aliponunua gari la umeme, alitembea Pickering nzima, mji wetu huu kando ya Toronto, kana kwamba amelitengeneza yeye. Jamaa zetu walikuja kulitazama, na kila aliyekuja alifunguliwa boneti aone kwamba ndani hamna injini. Nao wakatikisa vichwa kwa heshima, wakitazama pale pasipo na kitu. Mimi nilipika chai. Gari halinuki, gari halingurumi, gari linaijua njia ya kazini kwake Markham kuliko yeye mwenyewe. Na redio yake sasa, weee! Ya setilaiti! Kulikuwa na stesheni ya watu wanaochekesha tu, stesheni ya wapishi wa nyama, na moja iliyoanza nyimbo za Krismasi kabla majani hayajaisha mitini. Zote zinashuka kutoka angani. Ila ukipita chini ya daraja zinakata, na ukitokea upande wa pili unakuta watu wanacheka na hujui wanacheka nini.

Kitu kimoja hakikuwemo humo, nacho ni AM, yale mawimbi ya redio ya kizamani. Mwenyewe alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akanyamaza kimya. Na mimi, kwa bahati yangu njema, nilikuwa natangaza AM.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na kipindi cha Kiswahili kila Jumamosi jioni, nusu saa, kwenye stesheni ndogo inayowagawia muda watu wa kila lugha iliyoshuka na ndege hapa Toronto. Kabla yangu Wareno, baada yangu Watamil. Studio ilikuwa juu ya duka la mazulia. Kipindi kilikuwa cha salamu, basi. Wakenya walipiga simu na Sheng yao, Wakongo wakachanganya na Kifaransa, na mimi nikawa katikati naomba watu waseme majina taratibu. Kulikuwa na mama mmoja wa Richmond Hill, Mwismaili mzaliwa wa Dar, aliyepiga kila wiki kumsalimia dada yake anayeishi naye nyumba moja. Siku moja nikamuuliza, mama, huyo si yupo hapo kando yako? "Yupo, anakunywa chai," akasema. "Lakini hewani ni hewani, mwanangu."

Huyo ndiye aliyenielewa.

Dakika za mwisho za kipindi nilizirekodi mapema, kwa sababu Watamil walikuwa watu wengi na walianza kuingiza vyombo vyao mimi nikiwa bado kitini. Kwa hiyo nilishuka ngazi huku sauti yangu ikiendelea kusoma salamu. Na salamu ya mwisho kabisa, tangu kipindi cha kwanza, haikubadilika: "Na zimfikie yule aliye njiani kuja kunichukua. Anajijua. Aendeshe polepole." Leseni ninayo, ila barabara za theluji nimewaachia wenyewe. Mume wangu alitoka kazini Markham akija kunichukua huku ananisikiliza kwenye gari letu la zamani, lile la petroli lenye mlango wa rangi nyingine, na akiisikia salamu yake anapiga honi. Moja tu. Mara nyingi nilikuwa ngazini, naisikia kutoka chini. Mtu huyu hajawahi kuniletea ua maishani mwake, nami sikumdai ua. Honi ilinitosha kabisa.

Basi likaja gari la umeme, na honi ikaendelea vilevile, kwa wakati wake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nikiingia nakuta setilaiti inaimba, nadhani amebadilisha sasa hivi. "Kipindi kimeendaje?" namuuliza. "Kizuri sana," anasema. Nami narudi nyumbani nimevimba kichwa, mtangazaji mzima.

Kisha ikaja mvua ya barafu. Ilianza asubuhi, ikavunja matawi, na mchana mnara wa stesheni ukazimika. Hatukwenda hewani kabisa. Nilikaa studio nikila biskuti na Wareno, ambao nao walikuwa wamekosa kipindi chao, na saa yangu ya kuondoka ilipofika nikavaa koti nikashuka. Nikiwa katikati ya ngazi, honi ikalia.

Niliingia garini taratibu, nikafunga mkanda.

"Leo umewaka kweli kweli," akasema.

"Ee? Umependa wapi hasa?"

"Pale kwenye zile salamu."

Ala! Mtu hata haya hana. Nikamwambia kuhusu mnara, nikamwambia kuhusu biskuti, kisha nikamnyooshea kidole ile skrini yake kubwa kama mlango wa kabati nikamwambia anitafutie AM. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akijua fika haipo. Mwishowe akatoboa siri. Gari hili halina AM. Mota yake ya umeme inatia makelele kwenye mawimbi ya AM, kwa hiyo mafundi waliolitengeneza, watu wa vyuo vikuu hao, wakaona dawa ya makelele ni kuing'oa AM yenyewe. Mtandaoni nako stesheni yetu iliweka habari na michezo tu, vipindi vya watu kama sisi havikuwemo. Kwa hiyo alikuwa anatazama saa. Dakika ikifika, anapiga honi.

"Lakini lina setilaiti," akanikumbusha.

"Hiyo setilaiti iko wapi?"

"Angani. Mbali sana, maelfu ya kilomita."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Akafikiri. "Juu ya duka la mazulia."

Tulipokaribia nyumbani akapata wazo. "Kwani hiyo salamu huwezi kuniambia tu nyumbani?"

Iliniuma, sitaficha. Miezi yote ile nimeteremka ngazi nikitabasamu peke yangu kama mwehu, kumbe nilikuwa napigiwa honi na saa ya ukutani. Nilipomweleza binti yetu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba siku hizi hakuna mtu anayesikiliza redio, akarudi kwenye simu yake. Asante, mwanangu.

Jumamosi iliyofuata nikaitoa salamu yake kwenye rekodi. Mahali pake nikamwekea yule dada wa Richmond Hill salamu ya pili. Honi nayo ikakoma. Nikasema vizuri, kumbe hata saa amechoka kuitazama. Tukawa tunarudi Pickering hatusemezani, na kwa kimya gari lile halina mpinzani.

Ikafika Februari, ile baridi ya kukausha pua. Nikashuka ngazi nikaliona gari mahali pake, taa zimezimwa, vioo vina ukungu. Nikadhani betri imekufa, na nisiseme uongo, nilifurahi kidogo. Nikasogea. Dirisha lake lilikuwa wazi upana wa kiganja. Mwenyewe amevaa koti, kofia, glavu, na juu yake amejifunika blanketi la sebuleni kwangu. Mkononi ana kiredio cha betri amekibandika kwenye kioo. Mle ndani nilikuwa mimi, nasoma salamu.

Nikagonga. "Washa gari, baba! Utagandia humo!"

Akainua mkono bila kunitazama. "Ngoja kwanza. Mke wangu hajamaliza."

"Washa hita!"

"Nikiliwasha, redio inakoroma tu. Lazima nizime kila kitu." Kisha akasema taratibu, "Wiki ile salamu yangu hukuisoma. Na wiki iliyopita hukuisoma. Labda leo."

Nikabaki nimesimama pale. Kiredio kikamsalimia dada wa Richmond Hill, kikamsalimia tena, kisha ngoma za Watamil zikaingia. Mume wangu akakishusha mapajani.

Nikainama mpaka mdomo ukafika kwenye ule upenyo wa dirisha. Sauti ya utangazaji ilikataa kutoka, ikabidi nitumie ya nyumbani.

"Na zimfikie yule aliyekuja kunichukua," nikasema. "Anajijua. Aendeshe polepole."

Akatoa mkono kwenye blanketi, akapiga honi. Moja tu. Honi, angalau, mafundi hawakuing'oa.