Bi Mwanaidi Kamkaribisha Mgeni, Mgeni Kala Zote

Leo hapa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, China, nimeona mtu akipoteza futari yake kwa sababu ya adabu.

Bi Mwanaidi, anayenunua mitandio huku kupeleka Unguja, alikuwa amefunga. Basi lake la Hong Kong lilikuwa linaondoka muda mfupi baada ya magharibi. Kibanda cha chakula cha Waislamu kilikuwa kimebakiza sambusa nne za kondoo, za mwisho tanurini, maana huku huokwa. Akazinunua zote.

Jua likazama. Akafungua kwa tende.

Hapo mzee mmoja wa Kichina akaketi mezani petu. Si ajabu, meza za huku hazina mwenyewe.

Bi Mwanaidi akafanya tunavyofanya sote. Akasogeza sahani kidogo, akaionyesha kwa mkono: "Karibu."

Mzee akakaribia.

Akala ya kwanza. Akala ya pili.

Nimeripoti mafuriko na chaguzi bila kutetereka. Hapa nikaanza kuhesabu sambusa zilizobaki.

"Mwambie basi," Bi Mwanaidi alininong'oneza, bado anatabasamu.

"Nimwambie nini? Si umemkaribisha mwenyewe?"

"Nimemkaribisha. Nimemwambia ale?"

Ya tatu. Ya nne. Mzee akafuta vidole, akamwinamia kwa shukrani, akaenda zake.

Dereva akapiga honi. Bi Mwanaidi akapanda basi na chupa ya maji, hana kingine tumboni ila ile tende.

Jamani, semeni kweli. Mnaposema karibu, huwa mnataka mtu ale?